Siku Ambayo Mama Aliokoka

Mama aliniuliza swali lile nikiwa nimepiga magoti sebuleni, namvalisha soksi. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ya Nairobi imeanza kuuma, na baba alikuwa amesafiri kwao Kisii kumzika binamu yake. Mama aliuvuta mguu wake kutoka mkononi mwangu, akaniangalia kama mtu aliyeibiwa.

"Hebu niambie," akasema. "Mimi niliokoka lini?"

Nilicheka. Naungama kwamba nilicheka, kwa sababu katika nyumba yetu hilo lilikuwa swali ambalo mama aliwauliza wengine. Aliwauliza majirani, aliwauliza mafundi wa bomba, alimuuliza mwanamume niliyemleta nyumbani kunichumbia hata kabla hajakaa kitini. Mimi mwenyewe nimeulizwa mara nyingi kuliko nilivyoulizwa kama nimekula. Kisha nikaona kwamba hatanii, na kicheko kikanikauka.

"Nimeamka nikaitafuta hiyo siku," akasema. "Haiko."

Alikuwa ameanza kusahau tangu mwaka uliopita. Alisahau sufuria jikoni mpaka ikaungua, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, akatoka kwenda dukani akarudishwa na vijana wa bodaboda. Daktari alisema ni ugonjwa wa uzeeni na kwamba hautarudi nyuma. Tulikuwa tumejiandaa kwa sufuria na njia za mtaani. Hakuna aliyetuambia kwamba hili nalo lingeweza kusahauliwa.

Ili hofu yangu ieleweke, lazima niieleze nyumba yenyewe. Baba ni Mkisii, Mlutheri tangu akiwa na wiki tatu. Mama ni Mkamba, Mbaptisti tangu akiwa na miaka ishirini. Walikutana hapa Nairobi, baba akiwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya reli, mama akiuza mandazi getini. Walioana kwa D.C., ndoa ya serikali, kwa sababu hawakupatana kuhusu kanisa, na kwa kuwa hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, waligombania wokovu kwa Kiswahili kwa miaka hamsini, kwanza katika nyumba ya reli pale Makongeni, kisha Kaloleni baba alipostaafu. Jumapili tulitoka mlango mmoja, tukafika barabarani, tukaachana. Mimi, mtoto wao wa pekee, nilienda na baba. Hayo ndiyo mapatano ambayo mama aliyajutia maisha yake yote.

Baba alinipeleka kubatizwa nikiwa na mwezi mmoja. Mama alitufuata mpaka mlango wa kanisa, akasimama pale na leso mkononi, akakataa kuingia. Ndani, wazazi wangu wa ubatizo waliulizwa kama naamini, wakajibu kwa niaba yangu kwamba naamini. Hadithi hiyo mama aliisimulia kwa uchungu kila alipopata nafasi. "Imani haiazimwi kama sufuria," alikuwa akisema. Na baba, ambaye hakuweza kuacha utani hata mbele ya maiti, alimjibu, "Mimi niliokoka nikiwa nimelala, Mama watoto. Hata sikuamka."

Utani huo ulimuumiza mama kuliko tulivyojua. Kila Ijumaa alifunga na kuomba kwa ajili ya baba, mwanamume asiyeweza kutaja siku yake.

Sitaki mtu adhani mmoja wao aliamini matendo na mwingine neema. Wote wawili wangekwambia kwamba hakuna mtu anayeokolewa kwa wema wake, na wangekwambia kwa ukali. Tofauti ilikuwa pa kuanzia. Kwa baba, Mungu huanza kabla yako. Anakuja na maji na neno, anakukuta huna hata jino moja, anakuchukua. Imani yenyewe ni zawadi, na mtoto mchanga ndiye mfano bora kuliko wote kwa sababu hana cha kuleta. Ila baba aliamini pia kwamba mtu aweza kuitupa zawadi hiyo, na ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, aliomba asiitupe siku hiyo. Kwa mama, maji hayamwokoi mtu. Neema inakuita, na siku moja wewe mwenyewe, kwa akili yako timamu, unaitika. Baada ya hapo ndipo maji, tena mengi, ya kukuzamisha mwili mzima, ili watu waone kilichokwisha kutokea ndani. Na ukishaokoka kweli, hupotei tena.

Kwa hiyo hofu ya baba ilikaa mbele yake, katika siku ambazo hazijafika. Hofu ya mama, kama angekuwa nayo, ingekaa nyuma, kwenye swali moja tu: je, lilitokea kweli? Kwa miaka hamsini hakuwa na hofu hiyo. Alikuwa na tarehe.

Ningepaswa kuijua. Akina mama wa kanisa lake walikutana kwetu kila mwezi, na kila aliyeokoka alitoa ushuhuda wake: siku gani, wapi, alikuwa amefanya nini. Mama alianza wa kwanza kwa sababu nyumba ilikuwa yake. Mimi nilikuwa jikoni na chai ya watu ishirini, nikigongagonga vikombe makusudi ili nisisikie. Nilikuwa msichana mwenye kiburi, na nilichoshwa na kusikia habari za kuokoka kutoka kwa mtu aliyeniona mimi sijaokoka. Baba alikuwa chumbani nyuma ya pazia na redio yake. Mama alipoanza kusema, redio ilinyamaza. Tulidhani ni heshima tu.

Basi asubuhi ile ya soksi, mama akinitazama, nilijua kitu kimoja tu. Ndani ya Biblia yake kulikuwa na kadi ya ubatizo, na kadi ilisema Desemba. Ningeweza kumwambia, "Ngoja baba arudi." Ningeweza kusema sijui. Lakini macho yake yalinitisha, nikataka tu yaache kunitazama hivyo. Nikapiga hesabu haraka kama mtu aliyelelewa Kilutheri anavyopiga: maji kwanza, mengine baadaye. Mimi nilibatizwa kwanza, nikapata kipaimara miaka kumi na nne baadaye, siku chache baada ya Pasaka. Nikasema bila kupepesa jicho, "Ilikuwa Pasaka, Mama. Mwezi wa nne." Nikataja na mwaka, ule uliofuata mwaka wa kwenye kadi.

Uso wake ulifunguka. Aliniambia nimwandikie kwenye jalada la Biblia, kwa herufi kubwa. Nikaandika, nikamfunga viatu, nikaenda kufungua kibanda changu cha kushona sare za shule, nikijisifu moyoni.

Siku tano alikaa kwa amani. Siku ya sita nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, Biblia iko goti moja na kadi iko goti la pili.

"Nilibatizwa Desemba," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Halafu nikaokoka Pasaka."

"Ndiyo," nikasema, bado sijaliona shimo nililolichimba.

"Sasa hiyo Desemba niliingia mtoni nikiwa nini?"

Katika kanisa lake hakuna atakayekubali maji kabla ya wokovu. Maji hayo ni kuoga tu. Kwa kauli yangu moja nilikuwa nimemfuta mama yangu. Alianza kuhesabu kwa vidole yote yaliyoanguka pamoja na Desemba ile. Alikuwa amesimama mbele ya kanisa akadanganya. Alikuwa ameshiriki meza ya Bwana miaka hamsini bila ruhusa. Alikuwa amefunga kwa ajili ya mumewe Ijumaa baada ya Ijumaa, kumbe yeye ndiye aliyekuwa nje. "Nililowa tu," alisema, akarudia mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa Kikamba. "Nililowa tu."

Nilimwambia ukweli hapo hapo. Nilipiga magoti tena, safari hii si kwa ajili ya soksi, nikamwambia nilibahatisha, kwamba Pasaka niliitoa kichwani mwangu. Alinishika shavu kwa huruma.

"Unasema hivyo unitulize," akasema. "Ile siku ulisema bila kufikiria. Kitu mtu anasema bila kufikiria ndiyo ukweli."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni, nikidhani ni la watu wengine.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia nyumbani kwetu ikakaa kama mpangaji. Cha ajabu ni kwamba mambo mengine aliyasahau, lakini hili halikutoka. Alisahau kama amekula. Alisahau kwamba dada yake alikufa. Lakini kila asubuhi aliamka, akafungua jalada, akasoma mwandiko wangu, akaanza kulia upya. Nilijaribu kuichana ile karatasi ya jalada. Aliishikilia kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Mchana nilishona sare huku nikisikia swali lake katika cherehani, na usiku nilijiuliza swali ambalo sikuthubutu kumwambia mtu: ikiwa mama yangu aliyekuwa na uhakika namna ile anaweza kufa akiogopa hivi, mimi nisiye na siku yoyote nitakufaje?

Baba aliporudi nilimngoja getini nikamweleza yote kabla hajatua mfuko wake.

"Ulimwambia Pasaka," akasema.

"Ndiyo."

"Maji kwanza, wokovu baadaye."

"Ndiyo, Baba."

"Basi nilikulea vizuri kupita kiasi," akasema, akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka. Sikuwahi kumwona baba akiuacha utani katikati.

Aliingia akamwambia mama kwamba ilikuwa mwezi wa nane, kabla ya ile Desemba, mwaka ule ule. Mama hakumwamini. "Wewe wakati huo hata hukuwa unanijua," akamwambia. "Na mtu anasema aliokoka akilala, huyo atajua tarehe ya mwenzake? Nyinyi wawili mmepatana huko nje." Baba alifungua mdomo kama mwenye jambo zaidi, akaufunga, akatoka akakaa kwenye ngazi.

Mchungaji wa mama alikuja. Ni kijana, umri wa mtoto wangu wa kwanza, mpole, mwenye koti lililomzidi mabega. Alikunywa chai, akamshika mama mkono, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtu haokolewi na kumbukumbu zake, anaokolewa na Kristo, na kwamba Mungu hasahau hata kama sisi tunasahau. Nilikuwa mlangoni, nikafikiri, hapo amempata.

"Mungu hasahau kitu ilifanyika," mama akamjibu. "Kama haikufanyika, atakumbuka nini?"

Mama alikuwa amepoteza mengi, lakini ukali wa hoja haukuwa kati ya hayo. Kisha akasema alichokuwa amekiamua. Alitaka kuokoka sasa, ikiwa hakuwa ameokoka, na abatizwe, sawasawa, kwa utaratibu unaofaa. Asipokee huruma ya uzee. Asikilizwe kama mtu mpya.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwa mwili, si kwa roho tu. Mama ana moyo uliopanuka na kifua kibovu. Ilikuwa Julai. Kanisani kwao tanki la ubatizo liko chini ya jukwaa. Unaondoa mbao, unakuta sanduku la saruji linalojazwa kwa mpira wa maji siku mbili kabla, kwa sababu bomba za mtaa wetu hazina siku maalum. Maji yale ya Julai huwafanya vijana wa miaka kumi na sita wapige kelele. Daktari wetu alituambia waziwazi kwamba tusimpeleke humo. Nilimwambia mama. Akasema, "Afadhali nife nikitoka kwa maji kuliko nife nikiwa nje."

Mchungaji alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia, "Siwezi kumzamisha mtu ambaye najua ni wa Bwana. Lakini nikikataa hata kumsikiliza, nitakuwa nimemwambia hofu yake ni kweli." Kwao mtu hapati maji bila kusimama mbele ya kanisa zima atoe ushuhuda, kisha waumini wainue mikono kumkubali. Walikubaliana asikilizwe Jumapili iliyofuata, pamoja na vijana wanne waliokuwa tayari. Mchungaji alitumaini kwamba akisimama atakumbuka. Mimi nilijua hatakumbuka.

Mama alitaka gauni jeupe, na mshonaji nyumbani ni mimi. Gauni la kubatiziwa hushonwa kwa kitambaa kizito na kutiwa uzito kwenye pindo, lisije likapanda juu majini na kumwaibisha mtu. Nilimwomba baba kitu cha kutia. Alifungua kopo lake la tangu karakana, akanipa washa kumi na mbili, vile visahani vya chuma vyenye tundu vya kukazia skrubu, akazipangusa moja moja kwa kitambaa kabla ya kunikabidhi. Nikazishonea kwenye pindo la gauni la mama yangu. Nilikuwa namtayarisha kuzama.

Jumapili ile baba hakwenda kanisani kwake. Alivaa suti yake ya kahawia, akamshika mama mkono, tukavuka sote watatu barabara kuelekea upande mmoja. Nilikuwa na miaka arobaini na minane na haikuwahi kutokea. Ndani, tuliketi benchi la tatu. Mbao za jukwaa zilikuwa zimeondolewa, na nilipokuwa nimeketi niliweza kuona maji yametulia mle, rangi ya kijivu kama saruji yenyewe. Mbele yake ilikuwa meza ya Bwana, ambayo mjomba wangu, kaka yake mama, aliichonga kwa mkono kabla hajafa. Mama aliitazama meza ile asiitambue.

Vijana wanne walisema zao. Mmoja aliokoka kambini, mwingine siku ya msiba wa rafiki yake. Mikono ikainuka, watu wakapiga makofi. Kisha mchungaji akamwita mama.

Alisimama peke yake. Alikataa mkono wangu. Akasema, "Bwana asifiwe," watu wakaitikia, akasema tena, "Bwana asifiwe," kisha akanyamaza. Washa za pindoni ziligongana kidogo kwa jinsi alivyotetemeka. Nilimwona akitafuta. Mdomo wake ulifunguka ukafungwa. Akina mama aliokaa nao miaka yote walianza kulia kwa siri, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu katika kanisa lile ushuhuda ni kitu ambacho mtu husema mwenyewe. Niliomba ardhi ipasuke. Nilifikiri, atafia hapa, amesimama, kwa ajili ya Pasaka yangu.

Kando yangu benchi lililia. Baba alikuwa amesimama.

"Naomba kusema," akasema.

Shemasi mmoja, mzee mwenye miwani, aliinuka kwa heshima. "Mzee, karibu sana. Lakini mtu hasemewi ushuhuda."

"Kwetu mtoto ambaye hajui kusema, mtu humsemea."

"Huyu si mtoto, Mzee."

"Basi mwangalieni vizuri," baba akasema.

Mchungaji alimtazama shemasi, shemasi akamtazama mama, akaketi polepole. Na baba, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya Wabaptisti maishani mwake, alifumba macho, akaanza kusema kwa maneno ambayo hayakuwa yake.

"Ilikuwa Jumanne, mwezi wa nane. Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nakaa kwa kaka yangu mchongaji. Alinituma mafuta ya taa. Nikapita uwanja wa Kaloleni, nikakuta mkutano, nikasimama kidogo nisikie nyimbo. Sikuwa na shida yoyote. Sikuwa nimetafuta Mungu. Mbele yangu alikuwa mama amebeba mtoto mgongoni, mtoto amelala, na kiatu cha mtoto kikaanguka. Nikainama kukiokota. Na nilipoinuka, nilikuwa nalia."

Alisema "nilikuwa nalia" akiwa mwanamume wa miaka themanini, na hakuna aliyecheka. Nilielewa kwa nini redio ilikuwa ikinyamaza. Nilielewa pia kwa nini hakumwambia mama haya nyumbani: miaka hamsini alijifanya hasikii, na mtu mzima huona aibu kukamatwa akisikiliza.

"Mhubiri hakunijua. Lakini miguu ilienda mbele yenyewe, mkono mmoja chupa ya mafuta, mkono mwingine kiatu. Niliiweka chupa chini ili niombe, nikaisahau hapo. Kaka yangu alikula chakula chake gizani. Kesho yake nilirudi kumtafuta mwenye kiatu..."

"Cha kushoto," mama akasema.

Baba alifungua macho.

"Kilikuwa kiatu cha kushoto," mama akasema, sasa akimkemea. "Ya brauni. Na haikuwa na kamba. Kila mara nilisema hivyo. Wewe mbona unaruka hapo?"

Kila mara. Mama naye alijua kwamba baba alikuwa akisikiliza. Kicheko na kilio vilitoka pamoja kanisani, lakini mama hakucheka. Alikuwa bado na kazi moja.

"Na maji?" akamuuliza. "Maji ilikuja lini?"

"Desemba. Kule kwenu, mtoni."

"Baadaye."

"Baadaye, Mama watoto."

"Baadaye," mama akasema, akakaa chini, akauangalia ule mwanya wa jukwaa. "Sasa hii maji yote ni ya nani?"

Yalikuwa ya vijana wanne, wakabatizwa, wakapiga kelele kama kawaida. Ibada ilipokwisha, akina mama waliyachota kwa mitungi wakaenda kufulia, kwa kuwa bomba lilikuwa limekauka tena. Nilizifumua zile washa kumi na mbili jioni hiyo hiyo nikamrudishia baba.

Ningependa kusema hofu iliisha hapo. Haikuisha. Kesho yake mama aliamka akaitafuta siku yake, na haikuwepo. Tofauti ni kwamba baba alikuwepo. Aliketi kwenye stuli kando ya kitanda akaisema yote, kuanzia Jumanne, na alipofika kwenye kiatu alinyamaza makusudi, mama akasema, "Cha kushoto," wakaendelea. Alifanya hivyo kila asubuhi, na mimi nilisimama mlangoni na chai bila kugonga vikombe, nikiyashika maneno. Nilikuwa na woga wa wazi. Baba alikuwa mzee kuliko mama.

Alikufa mwezi wa pili, mchana, kwenye ngazi alipopenda kukaa. Mchungaji wake alimzika kwa maneno yaliyoanza na ubatizo wake, akiwa na wiki tatu. Mama alikuwepo kaburini lakini sijui alikuwa wapi. Mimi nilichoogopa kilikuwa kimoja: siku atakapouliza mumewe yuko wapi, na kama aliokoka, kwa sababu swali hilo alilifungia saumu miaka hamsini na sikujua kama limekwisha.

Sasa stuli ni yangu. Naenda kabla ya kufungua kibanda. Asubuhi moja mwezi uliopita nilikuwa nimefika kwenye kiatu, nikanyamaza kumngoja. Mama alinitazama tu. Nikangoja zaidi. Hakuna kilichokuja. Nikasema mwenyewe, "Cha kushoto," nikamalizia mpaka Desemba.

Nilipomaliza, akaniuliza:

"Ni nani alikuambia hii yote?"

"Baba, Mama."

"Alikuwa ameokoka?"

Nilitaka kudanganya. Nilishawahi, na nilijua bei yake.

"Alisema ndiyo."

"Lini?"

"Akiwa na wiki tatu."

Nikangoja akasirike. Nikajikaza kwa ajili ya sufuria isiyoazimwa na Ijumaa zote zile.

"Na alikuwa anaikumbuka?"

"Hapana, Mama. Aliambiwa."

Alinyoosha mkono kuchukua kikombe chake, akakishika kwa mikono miwili.

"Kama mimi," akasema.